Toleo Lililoitwa Masika

Wasifu wa Mwalimu Banzi ulisomwa na mpwa wake mbele ya kanisa, kule Mlali, na mimi nilisimama upande wa wanawake nikisubiri mwaka niliofanya kazi kwake ufike. Haukufika. Tulisikia shule zote alizofundisha hesabu, tukasikia kwaya, shamba lake la nyanya na ugonjwa uliomlaza, kisha mpwa akakunja karatasi na padri akaendelea na misa. Sikulia hapo, nilikasirika. Habibu, mwenzangu wa kazi wa mwaka ule, alikuwa ng'ambo ya jeneza pamoja na wanaume, mvi zimemjaa kichwani. Akaniangalia, akafumbua midomo bila kutoa sauti: "Masika je?" Nusura nicheke mbele ya maiti, jambo ambalo marehemu mwenyewe angelifurahia sana. Tulipokwisha kuzika tulikaa kwenye jamvi na sahani zetu za wali, tukagundua kwamba duniani tumebaki watu watatu tu, sisi wawili na mtawa mmoja mzee ambaye magoti yake hayamruhusu tena kushuka mlimani, tunaojua kuwa mwalimu yule wa hesabu aliwahi kutengeneza programu za kompyuta pale Morogoro, kwamba alizipa majina mazuri kuliko ya watoto wa watu, na kwamba majina hayo yalikaribia kuwanyima dawa watoto wa mlima mzima. Kwa kuwa wasifu uliuruka mwaka ule, nimeamua kuuandika mimi. Habari za ukoo wangu na shule nilizosoma naziacha, anayezitaka anijie nyumbani tunywe chai.

Ofisi yetu ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, karibu na soko kuu. Unapita kwanza katikati ya mabati na mifuko ya saruji, unamsalimia mwenye duka, ndipo unaufikia mlango wetu, ambao Mwalimu aliupaka rangi ya bluu kwa mkono wake mwenyewe na kuimwagia na sakafu. Chumba cha mbele kilikuwa na meza tatu, ubao wa kuandikia kwa chaki, na kompyuta mbili za zamani zenye kisogo kikubwa. Kila kompyuta ilivishwa kitambaa cha kufuma chenye maua, kazi ya mke wa Mwalimu, na kitambaa hicho ilikuwa lazima ukivue asubuhi na ukirudishe jioni, la sivyo ungesikia maneno. Chumba cha nyuma kilikuwa cha chai. Dirisha lake lilitazama mlima, na Mwalimu alikuwa akiinuka mara kwa mara kwenda kuangalia wingu limefika wapi, halafu anarudi na kututangazia kama anasoma taarifa ya habari. Mchana Bi Mwajuma, mama lishe wa sokoni, alituletea wali na maharage na mchicha, na siku ya bahati perege wa bwawa la Mindu, mmoja kwa watu watatu, kichwa kikiwa cha Mwalimu. Nilikuwa nimetoka chuoni na cheti changu na kiburi changu, nikidhani nitakaa pale miezi michache tu nikitafuta kazi ya maana Dar. Sasa ninapoukumbuka ule mwaka, naona kuwa sijawahi kuajiriwa na mtu niliyempenda kuliko yule mzee, na nimeajiriwa na wengi.

Programu tuliyotengeneza iliitwa Ghala. Kazi yake ilikuwa kuhesabu dawa zilizomo kwenye zahanati na kukuambia uagize nini kabla hazijaisha. Zahanati chache za pembeni ziliitumia, lakini iliyotuumiza kichwa na kutugusa moyo ilikuwa ile ya misheni ya juu, ukipita Mlali ukaendelea kupanda hadi masikio yazibe. Aliyeiongoza alikuwa Sista Benigna, Mluguru wa hukohuko mlimani, mwembamba, mwenye lafudhi inayovuta mwisho wa neno. Masika ya mwaka uliotangulia barabara ilikuwa imeporomoka na dawa za maji za watoto zikaisha. Walisaga vidonge kwa kijiko na kukisia. Mama mmoja alikata tamaa, akambeba mwanawe mgongoni na kushuka naye mjini kwa miguu katika utelezi. Mtoto alipona, ila Sista alituambia kwamba kikohozi kile alikisikia kikishuka bonde zima mpaka kikapotea, na hataki kukisikia tena. Alipokuja ofisini kwetu mara ya kwanza alikataa soda, akakaa kwenye ukingo wa kiti na kusema: "Mwalimu, mimi sitaki mapambo. Nataka mashine inikumbushe dawa za watoto kabla mvua haijafunga barabara. Hilo moja tu." Mwalimu Banzi aliinuka akasimama wima, akamjibu, "Sista, hilo moja utalipata." Nilikuwepo, na nilimwona Habibu akimeza mate, maana yeye ndiye aliyepaswa kulitengeneza.

Niseme kuhusu majina. Nilipoanza kazi, Ghala ilikuwa imeshatoka mara kadhaa, na matoleo yake yaliitwa Mpya, Mpya Zaidi, Mwisho, na Mwisho Kabisa. Siku yangu ya kwanza niliagizwa kunakili Mwisho Kabisa kwenye sidii, nikakuta humo pia kuna Mwisho Kabisa Sahihi. Nikauliza nichukue ipi. Habibu akajibu bila kugeuka, "Chukua Mwisho Kabisa Sahihi ya Juzi, Zai. Hizo nyingine noma." Habibu alikuwa kijana wa mjini, mwembamba, flashi imening'inia shingoni muda wote, maana miaka ile flashi ilikuwa kitu cha kujivunia. Alikuwa na akili ya kompyuta ambayo sijaiona tena, na hakuwa na subira hata kidogo. Siku moja nikiwa chumba cha nyuma nachemsha chai nilimsikia akianza kubishana na Mwalimu, na nikapunguza moto ili sufuria isipige kelele nikakosa maneno.

"Mwalimu, dunia nzima wanatumia namba. Moja nukta sifuri, moja nukta moja, moja nukta mbili, unapanda tu hivyo."

"Ukishafika moja nukta tisa?"

"Inafuata moja nukta kumi."

Kisha nikasikia chaki ikigonga ubao, kwa nguvu. "Habibu. Soma hapa. Moja nukta kumi ni sawasawa na moja nukta moja. Sifuri ya mwisho haina thamani. Nimewachapa watoto wa watu kwa kosa hilo, leo niliandike mimi na nilipeleke kwa wateja?"

"Hiyo siyo desimali, Mwalimu. Hiyo nukta ya kutenganisha tu."

"Nukta ni nukta."

"Na toleo la majaribio wanaliita sifuri nukta tisa."

"Ala! Nimpelekee Sista kitu ambacho hakijafika hata moja?"

Nilitoka na vikombe vya chai, nikawakuta wamesimama mbele ya ubao kila mmoja na chaki yake, wote wawili wamenuna. Mpaka leo siwezi kusema Mwalimu alikosea. Mtu aliyefundisha desimali maisha yake yote unamwambiaje kuwa kuna mahali duniani ambapo moja nukta kumi inaizidi moja nukta tisa? Nimeshakaa kwenye vikao vya watu wenye shahada kubwa, nikawaona wakitumia toleo la zamani kwa sababu hiyohiyo, na kila mara nilitamani Mwalimu angekuwepo na chaki yake. Lakini Habibu naye alikuwa na haki ya kunung'unika, kwa sababu tayari tulikuwa na toleo la mwisho, la mwisho kabisa na la mwisho kabisa sahihi, na wateja walikuwa wanapiga simu kuuliza kama wao ni mpya au ni mpya zaidi, na mimi ndiye niliyekuwa napokea simu hizo.

Mwalimu alikwenda kulifikiria nyumbani kwake, akarudi asubuhi anang'aa. Kuanzia sasa, alisema, kila toleo litapewa jina la msimu linapotoka. Mvua kubwa ilikuwa inakaribia, basi lile lililokuwa mezani lingeitwa Masika. "Jina lazima likae mdomoni mwa mtu," alisema. "Mtu wa huku ukimwambia Masika, huhitaji kumweleza zaidi. Anajua mwenyewe." Mimi nililipenda, na ninalipenda hata sasa. Lilikuwa jina lenye harufu ya udongo uliolowa. Habibu alifikiri kidogo, akasema, "Sawa, Mwalimu. Ila mwaka kesho tutakuwa na Masika wawili." Mwalimu akamwambia mwaka kesho utafika na akili zake, akatoka kwenda kutazama wingu. Tuliandika MASIKA kwa kalamu ya wino mzito juu ya sidii, na Mwalimu akachora kajitone ka mvua pembeni.

Masika lilikuwa zuri isipokuwa kosa moja. Habibu alilijenga akiwa na vidonge kichwani, na kitu chochote kilichopimwa kwa chupa programu ilikipokea, ikakihesabu, halafu wakati wa kuchapa oda ikakiruka kimyakimya. Oda ilitoka ndefu na safi, vidonge vyote vimo, dawa za maji za watoto hazimo. Bahati yetu mvua za mwaka ule zilikuwa legelege. Sista aliona rafu ya chupa inakonda wakati barabara bado inapitika, akatuma mtu, na chupa zikapanda. Hakutukaripia. Alimwambia Mwalimu kwenye simu, "Mashine yenu imewasahau walewale," basi, na Mwalimu hakugusa wali wa Bi Mwajuma siku hiyo. Habibu alilishughulikia kosa lile mpaka akaling'oa. Alijaribu na chupa, mirija, makopo, pakiti za unga wa kuchanganya na maji, kila kitu alichoweza kukitaja. Tulipokuwa na hakika, ilikuwa mwezi wa kumi na mvua ndogo zimeanza. Toleo hilo, kwa utaratibu wa Mwalimu, likaitwa Vuli.

Mimi ndiye niliyelipeleka Vuli mlimani. Nililala misheni siku chache, na siku hizo bado ninazo. Kulikuwa na baridi ambayo mtu wa mjini haamini kuwa ipo mkoa huohuo. Asubuhi ukungu uliingia mpaka ndani ya jiko, na masista walikunywa chai ya maziwa ya mbuzi na magimbi ya kuchemsha, wakinisukumia sahani kila nilipopunguza. Mimi Mwislamu nilikuwa nimejiandaa kujitetea kuhusu chakula. Nilikuta Sista Benigna ameshatangaza jikoni kwamba sufuria zangu zisichanganywe na za nguruwe, na kwamba mtu asinilazimishe kujieleza. Jioni nilimsaidia kwenye sakristia, chumba cha mavazi ya misa, alikokuwa msimamizi pia. Alikuwa akipiga pasi vitambaa vya altare kwa pasi ya mkaa na kuvipanga kabatini, kijani rafu moja, zambarau rafu nyingine, vyeupe juu. "Kila kimoja na wakati wake," aliniambia, "ukichanganya, padri anasimama altareni kama mtu aliyevaa kanzu ya mwenzake." Mchana nilimfundisha kuiweka programu kwenye kompyuta yeye mwenyewe, kwa sababu umeme wa maporomoko ya maji wa misheni ulikuwa unaichezea mashine mara kwa mara, na nisingeweza kupanda mlima kila inapozimika. Alijifunza haraka. Alifurahi kuliko nilivyomwona akifurahia kitu kingine chochote, akawaita masista wenzake waje kumtazama akibonyeza.

Nilirudi mwezi wa tatu, juu ya fuso lililobeba dawa zenyewe. Oda ilikuwa imetoka kwenye Ghala, imeshushwa mjini na dereva, bohari wameijaza, na mimi niliona ni fahari kupanda pamoja na maboksi yale na kuona kazi yetu ikipangwa rafuni. Mvua ilikuwa imeshaanza. Dereva alishusha mzigo mbiombio akageuza gari bila hata kunywa chai, akisema kile kipande cha juu ya mto hakipendi. Sisi tukaanza kufungua, Sista, nesi mmoja na mimi. Tulipanga vidonge, bandeji, sindano, glovu. Rafu zilijaa vizuri. Boksi la mwisho lilikuwa la pamba. Sista akaangalia ile rafu ya dirishani, ambayo alikuwa ameifuta na kuitandikia karatasi mpya, ikiwa tupu kabisa, akaniuliza kwa upole, "Chupa za watoto ziko kwenye gari la nyuma?"

Hakukuwa na gari la nyuma. Nilikwenda kwenye kompyuta nikiwa nimeshaanza kumlaani Habibu kimoyomoyo, nikaiwasha, na skrini ikaniandikia kwa herufi kubwa: GHALA, MASIKA.

"Sista, nani amebadilisha hii programu?"

"Mimi, mwanangu. Si ulinifundisha mwenyewe?" Alikuwa anatabasamu. "Mawingu yalipoanza kukaa nikasema tusichelewe. Nikatoa ile ya Vuli nikaweka ya Masika. Ya Vuli ipo salama, nimeikunja kwenye kitambaa, iko kabatini sakristia. Mwezi wa kumi tutaitoa tena."

Ilikuwa wazi. Maisha yake yote aliishi na watu wanaopanda njegere kwa mvua hii na kabichi kwa mvua ile, na ndani ya kanisa alivua altare vazi moja na kuivisha jingine kadiri majira yalivyogeuka. Tukampa vitu viwili, kimoja kinaitwa Vuli na kingine kinaitwa Masika, na tukamwambia vyote ni Ghala. Angefanya nini kingine? Mtu mwenye akili timamu angefanya vilevile. Mimi nilijua kuwa Vuli ni jipya na Masika ni la zamani kwa sababu nilikuwepo yakizaliwa, na kwa sababu hiyo tu. Nilipomweleza, aliketi juu ya boksi la pamba na kushika rozari yake bila kusali. "Kwa hiyo watoto hawamo," alisema. Nikasema hawamo, Sista. Nje mvua iliongezeka, na wodini kulikuwa na mtoto anakohoa, mmoja tu, siyo vibaya, lakini sote watatu tuliacha kuzungumza tukamsikiliza.

Mtandao wa simu ulipatikana kwenye kilima cha makaburi peke yake, na hapo nilisimama chini ya mwavuli wa misheni nikampigia Mwalimu. Nilimweleza mambo yalivyo. Nikasikia sauti ya Habibu kwa nyuma ikisema, Mwalimu, si nilikwambia? Mwalimu aliniambia, "Sista hana kosa hata nukta. Amefanya jina lilivyomwambia." Halafu akasema, "Mwambie asihangaike. Nakuja." Nikamwambia barabara inaweza kufungwa wakati wowote, amtume Habibu na gari. "Zainabu, jina ni langu," akasema, na simu ikakata.

Barabara iliporomoka alfajiri, palepale dereva alipopaogopa. Habari zilitufikia tukiwa jikoni, na Sista aliposikia aliweka kikombe chini na kuniangalia kwa macho ambayo sitaki kuyakumbuka. Sote tulikuwa tunayafikiria masika yale ya mama aliyeshuka na mwanawe mgongoni. Lakini akina mama wa kijiji nao walikuwa wamesikia, na walijua kuwa Mwalimu anakuja na dawa, na wengi wao walikuwa na watoto. Walijifunga khanga viunoni, wakasokota ngata, wakashuka kusubiri upande wa huku wa poromoko bila kuambiwa na mtu. Mimi nilibaki na nesi, tukipima kijiko na kijiko zile chupa chache zilizokuwa zimebaki, na kila baada ya muda mmoja wetu alikwenda mlangoni kuchungulia njia.

Walitokea alasiri, msururu mrefu wa akina mama wanatoka ukunguni na maboksi kichwani, wamefunikwa mifuko ya nailoni, wanaongea kwa sauti na kucheka kama watu wanaotoka harusini. Katikati yao nikaona suruali ya kijivu imekunjwa magotini. Mwalimu Banzi, mtu mzima yule, mwenye goti lililomsumbua hata kupanda ngazi za posta, alikuwa na boksi kichwani juu ya ngata aliyosokotewa, na amekataa kupokewa. Habibu alikuwa nyuma yake na maboksi mawili, viatu mkononi. Baadaye Habibu alinieleza walivyokwenda bohari, Mwalimu akakataa kukaa, akasimama dirishani akiwasomea wahudumu majina ya dawa za watoto moja baada ya jingine mpaka wakampa, kisha wakakodi landrova hadi barabara ilipoishia. Mwalimu alitua boksi kwenye baraza, akajifuta uso, na kabla ya salamu akasema, "Nisamehe, Sista."

"Karibu, Mwalimu. Pole na safari. Nikusamehe nini?"

"Lile jina."

"Jina zuri," Sista alisema. "Ila wewe mwenyewe ndiye uliyeliita Masika. Ningelitumia lini?"

Akina mama waliokuwa barazani walicheka, na Mwalimu akacheka nao mpaka akashika ukuta. Tulizipanga chupa rafuni, zikajaa hadi ukingoni, na yule mtoto wa wodini akapewa yake, akaikunjia uso. Ndipo tukakaa jikoni karibu na moto, magimbi mezani, Mwalimu amevikwa blanketi la wageni. Habibu akatoa kifuani sidii iliyofungwa kwenye nailoni. Alikuwa ameitengeneza mchana wa jana, wakati Mwalimu anatafuta gari. Ndani yake kulikuwa na Vuli lilelile bila kubadilishwa chochote, isipokuwa jina. Juu aliandika tarakimu moja, 3.

Mwalimu hakuwa ameiona bado. Aliigeuza mkononi. "Umeshinda," akamwambia Habibu. "Lakini mbona tatu? Anza na moja, tusahau yaliyopita."

"Moja ni Masika, Mwalimu," Habibu akasema, akiangalia moto. Sijawahi kumsikia akiongea kwa adabu vile, si kabla wala baada ya siku ile. "Mbili ni Vuli. Haya mawili yalimfikia Sista. Siwezi kuhesabu kama vile hayakuwepo."

Mwalimu Banzi alivuta blanketi. Nilimpenda Habibu kwa neno hilo, na ninaandika hivyo waziwazi, mume wangu akisoma asome. Kisha Sista Benigna, aliyekuwa amesogeza sidii karibu na taa ili aisome vizuri, akauliza kwa makini mno, kama mtu asiyetaka kurudia kosa: "Hii ya Tatu ni ya mwezi huu wa tatu, siyo? Ya mwezi wa nne mnaileta lini?"

Habibu aliinamia meza akaficha uso wake mikononi. Mwalimu alisimama na blanketi lake, akainua kidole juu, na furaha iliyokuwa usoni pake siwezi kuieleza. "Umemsikia? Habibu, umemsikia? Namba!" Alicheka mpaka akatokwa machozi, Sista naye akacheka ingawa hakujua kisa, na ilibidi tusubiri wote watulie. Ndipo mimi nikamweleza Sista taratibu kwamba hii haina mwezi. Hii imekuja kushika nafasi ya Vuli, kama Vuli lilivyokuja kushika nafasi ya Masika, na yale mawili kazi yao imekwisha, hayatarudi hata mvua inyeshe vipi. Itakaa hii mpaka ije nyingine.

"Kumbe imerithi!" Sista alisema. Aliliweka neno hilo mezani kwa mshangao, akatutazama mmoja mmoja. "Si mngesema. Mjomba akifa, mpwa akikalishwa na kupewa jina, nani tena anakwenda kumwamsha mjomba aje ashike jembe? Andikeni basi kwamba imerithi, mtu asome."

Tuliinuka wote tukaenda ofisini kwake, Habibu akaketi kwenye kompyuta, na kwenye ukurasa wa kwanza wa programu akaandika, Mwalimu akisahihisha nukta na herufi kubwa: Ghala, Toleo la 3. Limerithi Vuli. Yaliyotangulia yasitumike tena. Sista alivuta kiti akalisoma kwa sauti, polepole, kidole kwenye skrini. Nilidhani ameridhika. Lakini hakuondoa kidole, na aliponyanyua uso hakumtazama Habibu wala mimi, alimtazama Mwalimu.

"Jina nimelielewa," alisema. "Sasa niambie wewe. Huyu anawajua watoto?"

Mwalimu aliinama juu ya bega la Habibu, blanketi bado mgongoni, akamwambia achape oda, yote, hapo hapo. Printa ikakoroma. Alichukua karatasi ikiwa bado ya moto, akashusha kidole mstari kwa mstari bila haraka, mpaka akazifikia chupa, akazisoma zote kwa majina, akamkabidhi.

"Anawajua, Sista."

"Basi mwacheni akae."